Kosa la Miaka Kumi na Tisa

Jamhuri ya Mteremko haimo kwenye ramani yoyote, na wananchi wake wanaona ni heri, kwa sababu karibu kila kitu kilichowahi kuchorwa nchini humo kiliwaletea balaa. Kilicholeta balaa kuliko vyote kiliitwa Kilima.

Kilima kilianza kama mstari tu. Wataalamu walizunguka nchi nzima wakiuliza nani anaiba, nani anapigana, nani anachomoa simu mifukoni mwa watu, na ana umri gani. Walirudi wakachora mstari unaoanzia chini utotoni, unapanda mbio ujanani, unafika kileleni kwenye miaka kumi na tisa, kisha unateremka taratibu mpaka uzeeni, ambako unalala chini kabisa. Walichomaanisha ni kwamba vijana wengi hukosea, na kwamba wengi wao huacha wenyewe wakishakua, kwa hiyo tuwavumilie kidogo. Serikali haikusikia habari ya kuvumilia. Ilikuwa imeinama inatazama ncha ya kulia ya mchoro, pale wanapokaa watu wa miaka hamsini na mitano kwenda juu, na pale hapakuwa na kosa hata moja. Mawaziri wote walikuwa wa umri huo. Walisimama wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma.

Haikuchukua muda Kilima kikawa sheria, kikawekwa kwenye bendera, na kila shule ikatakiwa kuwa na sanamu yake ya saruji uwanjani. Polisi wakaacha ile kazi ya kizamani ya kuuliza nani kafanya. Sasa walikuwa wakiuliza kosa lenyewe lina miaka mingapi. Akateuliwa Mkadiriaji Mkuu wa Umri wa Makosa, Bwana Mfaume, mtu mwembamba mwenye miwani, ambaye alikuwa akifika penye tukio, ananusa, anagusagusa, kisha anatamka. Kioo kimepasuliwa kwa jiwe? Miaka kumi na minne. Mtu kazabwa kofi harusini? Ishirini na sita, na alikuwa amekunywa. Baada ya hapo polisi wanaingia mtaani na kumchukua yeyote mwenye umri huo. Kesi zilikuwa zikimalizika kabla ya chai ya saa nne, na wageni walikuja kutoka nchi nyingine kujifunza.

Wananchi nao wakazoea, kama watu wanavyozoea. Kijana akifikisha miaka thelathini wazazi walimfanyia sherehe ya Kuteremka, kwa vigelegele na keki yenye umbo la kilima kilichomegwa juu. Akifikisha hamsini na mitano alifanyiwa Utakaso, akavishwa mkanda mweupe begani, na kuanzia siku hiyo hakuweza tena kukosa hata akijitahidi. Alichofanya mtu wa umri huo kiliitwa maamuzi. Waziri wa Ujenzi, kwa mfano, aling'oa daraja la mto Luhanga akalipeleka shambani kwake, mahali ambapo hakuna mto wala dalili ya mto. Hayo yalikuwa maamuzi, na yalizinduliwa kwa utepe mwekundu mbele ya kamera, huku wanakijiji wakivuka Luhanga kwa kukunja suruali.

Bi Mashavu alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwa na ugomvi na Kilima. Alikuwa mpishi wa shughuli, yule anayeitwa kukiwa na harusi, hitima au mkutano wa chama, na pilau yake ilikuwa imewapatanisha watu waliokuwa hawasalimiani kwa miaka. Kitu kimoja tu kilimnyima usingizi. Alikuwa akiishi na mjukuu wake Idrisa, aliyemlea tangu anatambaa, baada ya mama yake kufariki. Idrisa alikuwa kijana mpole anayeogopa hata kuku, lakini alikuwa na miaka kumi na tisa, na kuwa na miaka kumi na tisa Mteremko ni sawa na kutembea na tochi imewaka usoni.

Kila kulipokuwa na sikukuu au sherehe ya mkubwa, vijana wa umri wa kileleni walitakiwa kwenda kituo cha polisi wakae kwenye benchi waonekane, ili taifa lisherehekee bila wasiwasi. Idrisa alikuwa haendi kwa kuitwa. Alikuwa akitangulia, amechana nywele, na kopo lake la maji mkononi.

Siku ya mkasa, anayesherehekewa alikuwa Waziri wa Makosa na Umri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Ngwalida, aliyekuwa anafanyiwa Utakaso. Bi Mashavu alipika tangu alfajiri. Mchele ulipoiva na harufu ikafika mpaka barabara kuu, waziri alichungulia jikoni na mkanda wake mweupe begani.

"Wapishi waondoke kabla wageni hawajaanza kula," alisema. "Moshi wao unaharibu picha."

"Tuondoke bila kuonja, mheshimiwa?" Bi Mashavu aliuliza.

"Kwa umri wako, bibi, nyama ya nini? Meno yenyewe unayo?"

Wote waliokuwa nyuma yake walicheka, kwa sababu ndiyo kazi waliyoajiriwa. Bi Mashavu alikasirika mpaka masikio yakamvuma. Aliizungukia mistari ya masufuria akachagua lile alilolipika kwa mapenzi zaidi, akajaribu kulinyanyua, likamshinda. Basi akawaita walinzi wa getini.

"Wanangu, nitwikeni hili."

"Msaidieni bibi," mkubwa wao akaamuru. Wawili wakalinyanyua, wa tatu akamsokotea kata ya kitambaa, wa nne akafungua geti mpaka mwisho na kupiga saluti. Mfuniko ndio uliosahaulika, na jambo hilo lilimkera njia nzima, kwa sababu pilau isiyofunikwa hupoa. Mtaa mzima wa Kisimani ulikula siku ile, na watoto wakalamba sahani.

Sufuria lilipokosekana, Bwana Mfaume aliitwa. Alinusa pale lilipokuwa, akatazama alama ya masizi chini, akapima kwa macho umbali mpaka getini.

"Sufuria zito, pilau ya moto, mchana kweupe, na mfuniko umeachwa kwa papara," alisema. "Hili ni kosa la miaka kumi na tisa. Tena kumi na tisa iliyokamilika."

Mtu wa umri huo jirani na pale alikuwa mmoja tu. Walimkuta kwa urahisi, maana alikuwa kituoni, kwenye benchi, anacheza drafti na mkuu wa kituo, Afande Masanyiwa.

"Lakini afande, tumekuwa wote tangu asubuhi," Idrisa alisema.

"Kweli kabisa. Na umenifunga mara mbili," Afande alisema, akikusanya vizibo vya drafti kwa masikitiko. "Mtu mwenye akili kiasi hicho hashindwi kuwa sehemu mbili. Ingia ndani, mwanangu."

Adhabu haikuhitaji hakimu. Kijana wa kosa la kileleni hukaa ndani mpaka ateremke, yaani mpaka atimize thelathini. Idrisa alitakiwa kukaa miaka kumi na moja. Bi Mashavu alipoambiwa aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Alijua kuhesabu. Miaka kumi na moja mbele hakujiona popote. Mtoto aliyemlea kwa uji na maombi angetoka akute kaburi lake limeota majani, na yote kwa sababu ya pilau ambayo mtoto mwenyewe hata hakuonja. Alilia, akajifuta kwa upindo wa kanga, akaenda kituoni kukiri.

"Shikamoo bibi," Afande Masanyiwa alisema, akamvutia kiti na kumwagizia chai.

"Marahaba. Mtoeni Idrisa. Sufuria nilichukua mimi."

Afande alimtazama kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mgonjwa wa homa. "Bibi, mapenzi ya mjukuu hayo nayaelewa. Lakini kuiba kwa umri wako ni kinyume cha sayansi. Tazama pale." Akamwonyesha Kilima ukutani, mahali ambapo nchi nyingine huweka picha ya rais. "Wewe uko huku chini kabisa, kwenye tambarare. Huku hakuibiwi."

"Waulize walinzi. Walinitwika wenyewe."

"Nimewauliza. Wanasema walimwona bibi kabeba sufuria. Wizi hawakuuona."

Bi Mashavu alinyanyuka, akaichukua kofia ya Afande mezani, akaivaa kichwani mwake juu ya kanga, akakaa tena. "Haya. Nimeiba kofia ya serikali. Nikamate."

Afande alipapasa meza. Alitazama chini ya meza. Alimtazama Bi Mashavu, kofia iko kichwani mwake imekaa upande, na macho yake yakapita hapo kama yanayopita kwenye dirisha. Kisha akageukia mlangoni, alikosimama Konstebo Tito, kijana wa miaka ishirini na mmoja.

"Tito, kofia yangu imeibwa. Wewe ndiye uliye karibu na kilele. Vua mkanda, ingia ndani."

Konstebo Tito alivua mkanda, akajifungia mwenyewe, na kumrudishia mkubwa wake ufunguo kwa kuupitisha kwenye nondo. Bi Mashavu aliivua kofia kama inayomuunguza. Aliomba, alisihi, aliirudisha mezani, lakini kurudishwa kwa kofia kulionekana kuwa toba ya Tito na hakukumfutia kosa. Aliondoka amejiinamia. Kila akiiba ili aaminiwe, mtoto wa mtu mwingine anaingia ndani. Aliona kwamba angeweza kuwajaza mahabusu vijana wa mkoa mzima bila yeye kuguswa hata kidole.

Njia ya kurudi Kisimani hupita kando ya shamba la Waziri wa Ujenzi. Bi Mashavu alisimama kupumzika, akaliona lile daraja limekaa katikati ya mahindi halina cha kuvuka, na mbuzi wawili wamejilaza chini ya kivuli chake. Kwenye nguzo kulikuwa bado kumening'inia kipande cha utepe mwekundu. Alikitazama muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akashika kiuno, na mbuzi wakaamka.

Kosa lake lilikuwa kuiba kidogo.

Wazee wenzake aliowaambia walidhani majonzi yamemgeuza akili, wote isipokuwa Mzee Ngoda, fundi wa mapaa aliyestaafu, ambaye hakuwa na la kufanya na alikuwa na nyundo yake bado. Wakachanga nguvu. Wapishi wakaleta turubai na viti vya harusi. Mtu akapatikana wa kipaza sauti. Bi Mashavu mwenyewe alikwenda kumwalika Mheshimiwa Daktari Ngwalida awe mgeni rasmi wa uzinduzi, kituo cha polisi Kisimani, Jumamosi. Waziri alikubali kabla sentensi haijaisha. Hakuuliza kinazinduliwa nini. Mteremko hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuuliza hivyo, kwa sababu anayeuliza ataonekana hakupewa taarifa, na mkubwa asiyepewa taarifa ana tofauti gani na mwananchi?

Jumamosi ngoma ililia. Utepe mwekundu ulizungushwa kituo kizima, kona hadi kona, kikapendeza kama zawadi. Afande Masanyiwa alikuwa amepiga pasi mpaka soksi. Ndani, nyuma ya nondo, Idrisa na Konstebo Tito walichungulia bila kuelewa, na Bi Mashavu hakuthubutu kumtazama mjukuu wake machoni, asije akaharibu.

Waziri alishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi," alianza, "hiki mnachokiona leo, na hata kile msichokiona, ni matunda ya serikali sikivu. Wapo waliosema hakitawezekana. Nawauliza leo, wako wapi? Na kama wapo, wasimame. Hakuna. Jambo hili limefikiriwa, likafikiriwa tena, likafikiriwa na watu ambao kufikiri ndiyo kazi yao. Halitaishia hapa. Litakwenda mbele, na likifika mbele litaendelea. Mimi binafsi nimelipigania usiku na mchana."

Makofi yalirindima. Bi Mashavu akamletea mkasi kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Waziri akakata utepe, akatabasamu upande wa kamera, akahesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo ili picha itoke vizuri.

Utepe ulipogusa chini, Mzee Ngoda alikuwa ameshapanda juu. Bati la kwanza lilishuka, likafuata la pili, na wazee wa Kisimani, waliokuwa wakilalamika magoti tangu mwaka juzi, wakajipanga mstari wakipokezana mabati huku wakiimba. Kituo kilikuwa cha mbao na mabati tu, kwa vile matofali yake yalishakuwa maamuzi ya mtu zamani, kwa hiyo kazi ilikwenda haraka. Waziri aliendelea kupiga makofi. Afande aliona kasi ya maendeleo ikamsisimua, akavua koti akashika mguu mmoja wa meza yake.

"Tunahamia wapi, bibi?" aliuliza akihema.

"Mbele," Bi Mashavu alisema.

"Kama alivyosema mheshimiwa," Afande alikubali, na kubeba.

Nondo za mahabusu ndizo zilizokuwa za mwisho. Zilipong'olewa, Idrisa na Tito walibaki wamesimama kwenye sakafu tupu, jua linawapiga utosini, na kufuli limefungwa kwenye komeo lisiloshika kitu. Afande alilizunguka kufuli lile mara kadhaa, uso umemkunjamana.

"Hapa pana tatizo la kisheria," alisema. "Mahabusu ni mtu aliyewekwa ndani. Sasa ndani yenyewe iko wapi?"

Waliitafuta wote. Ndani haikuonekana. Mwishowe Afande aliamua kwamba vijana waende kwao wakasubiri mpaka ndani ipatikane, na wakati huo huo Bwana Mfaume akafika mbio, ameshika miwani yake, kwa kuwa mtu alikuwa amempelekea habari kwamba kituo kizima hakipo. Alinusa sakafu. Alishika kipande cha utepe, akakigeuza huku na huku.

"Huu umekatwa na nani?"

"Na mheshimiwa waziri, mwenyewe kwa mkono wake," Afande alisema.

"Na kulikuwa na hotuba?"

"Ndefu."

Bwana Mfaume akavua kofia kwa heshima. "Basi hili halina umri," alitamka. "Haya ni maamuzi."

Hapo ndipo tabasamu lilipoanza kumtoka waziri, polepole, huku mikono ikiendelea kupiga makofi kwa mazoea. Bi Mashavu hakungoja kuona litaishia wapi. Alikuwa amemshika Idrisa mkono kama enzi zile anamvusha barabara kwenda shule, anamkokota nyumbani, na safari hii alilia bila kujifuta.

Kesho yake asubuhi waziri alimwita. Alimpokea kibarazani, akafunga mlango nyuma yake, akaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Bibi, umeniibia kituo cha polisi."

"Mimi, mheshimiwa? Nina miaka sabini na miwili."

"Umeniibia."

"Basi sema kwa sauti. Bwana Mfaume nimemwona yuko hapo nje, anangoja kazi. Aje akadirie."

Waziri alipiga hesabu. Akimtamka bibi huyu kuwa mwizi, ina maana kwenye tambarare kunaibiwa. Kukiibiwa kwenye tambarare, mtu fulani mpumbavu ataanza kuuliza habari za daraja, na akishauliza daraja atauliza hospitali, na akimaliza hospitali atafika kibarazani hapa. Alipapasa mkanda wake mweupe. Jasho lilikuwa limeulowesha.

"Kwa umri wetu hatuibi," alisema hatimaye.

"Hatuibi, mheshimiwa. Tunaamua tu."

"Sasa unataka nini tena?"

"Mfuniko. Ule wa sufuria. Ulibaki jikoni kwako."

Waziri karibu acheke kwa ahueni. Mfuniko ukaletwa, akamsukumia. "Chukua, nenda nao, na Mungu akuzidishie."

Bi Mashavu hakunyoosha mkono. "Nikiondoka nao hivi hivi, jioni itasemwa mfuniko umepotea, na mtoto wa watu atalala ndani. Yule Tito bado ana vidonda vya kunguni." Akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha utepe mwekundu na mkasi wa jikoni. "Uzindue."

Waziri alitamani kukataa, kila mshipa wa shingo yake ulionyesha hivyo, lakini mkono wake haujawahi maishani kuona mkasi na utepe ukabaki mfukoni. Walinzi wawili waliitwa wawe umma. Utepe ukafungwa kwenye kishikio, na Mheshimiwa Daktari Ngwalida akajikohoza akauhutubia mfuniko kwamba ulikuwa umefikiriwa, ulikuwa umepiganiwa, na hautaishia hapa. Kisha akakata. Umma ukapiga makofi.

"Msaidieni bibi," alisema, na akaingia ndani kulala.

Bi Mashavu alifika Kisimani mfuniko uko kichwani, akapika pilau, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sherehe akaifunika vizuri. Paa la jiko lilikuwa jipya, la bati zito la serikali. Konstebo Tito alikuwa ameshaketi mkekani. Idrisa, ambaye alikuwa bado hajaonja pilau iliyomtia ndani, alishindwa kungoja, akapeleka mkono kwenye mfuniko achungulie.

Bibi yake aliupiga ule mkono kwa mwiko.

"Usiguse," alisema. "Wewe umebakiza miaka kumi na moja uteremke. Kaa, nikupakulie."